Yupo, Yuko, Yumo: Viambishi vya Mahali na Uhakiki wa Picha ya Bata Mwitu ya Hiroshige

Ikisiri

Makala haya yanahakiki picha ya chapa ya ubao iliyobuniwa na mchoraji wa Kijapani Utagawa Hiroshige (1797–1858), inayomwonyesha bata mwitu akiogelea chini ya matete yaliyolemewa na theluji. Hoja kuu ni kwamba mhakiki anayeandika kwa Kiswahili hawezi kusema ndege huyo anapatikana wapi bila kuchagua miongoni mwa viambishi vya mahali pa-, ku- na mu-, na kwamba uchaguzi huo, ukifanywa kwa uangalifu, huwa nyenzo ya kuisomea picha. Aidha, makala yanachunguza uhusiano wa picha na shairi lililoandikwa juu yake, pamoja na matatizo ya kutafsiri jina la kazi hiyo na jina la utanzu wake. Mwishoni yanajibiwa mapingamizi dhidi ya kuihakiki sanaa ya kuonwa kwa kutumia sarufi ya lugha ambayo mchoraji hakuijua.

1. Utangulizi

Maelezo ya kazi za sanaa ya kuonwa yanayoandikwa kwa Kiswahili mara nyingi huanza kama tafsiri hata pale ambapo hakuna matini iliyotafsiriwa. Mwandishi huitazama picha, lakini sentensi anayoiandika huwa imekwisha kupitia katika lugha nyingine. Kirai ‘ndege juu ya maji’ ni mfano unaotosha. Kirai hicho ni sahihi kisarufi, na hakuna msomaji atakayekosa kukielewa. Hata hivyo, mvuvi aliye ufukweni akimwambia mwenzake kwamba kuna ndege juu ya maji, mwenzake atainua macho kumtafuta ndege anayeruka. Ndege aliyetua na kuelea, kwa lugha ya kawaida, yumo, yuko au yupo majini. Kwa hiyo kirai kilichoonekana kuwa salama kimembadilishia msomaji picha: kimemtoa ndege majini na kumpandisha angani.

Suala hili si dogo. Uhakiki wa picha huanza na maelezo, na maelezo yakipotoka, tathmini yote inayoyafuata husimama juu ya msingi usio wake. Wapo wanaodhani kwamba udhaifu huo unatokana na uhaba wa istilahi, na kwamba tiba yake ni kubuni maneno mapya ya sanaa. Makala haya yanashikilia mtazamo tofauti. Istilahi zinahitajika, lakini hazitoshi. Na kabla ya kuzibuni ni vema kuuliza ni zana zipi ambazo sarufi ya Kiswahili imekwisha kumpa mhakiki na ambazo yeye huziacha zikae bure. Zana inayochunguzwa hapa ni mfumo wa ngeli za mahali.

Kazi iliyoteuliwa inajulikana katika katalogi kwa jina la maelezo *Setchū ashi ni kamo*, yaani bata mwitu na matete wakati wa theluji. Ni ya miaka ya mwanzo ya muongo wa 1830. Imeteuliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ina vitu vichache mno: ndege mmoja, maji, matete, theluji na maandishi. Uchache huo haumruhusu mhakiki kujificha nyuma ya orodha ndefu ya vitu. Pili, swali kubwa la picha hii ni swali la mahali. Hakuna tukio wala kisa. Kuna kiumbe na pale alipo.

2. Picha na namna ilivyotengenezwa

Hiroshige alizaliwa Edo, mji ambao leo ni Tokyo, katika familia ya samurai wa ngazi ya chini waliokuwa na wajibu wa kuzima moto. Sifa yake imejengwa zaidi na picha za mandhari, hasa mfululizo wa vituo 53 vya barabara ya Tōkaidō wa mwanzoni mwa muongo wa 1830, na mandhari mashuhuri za Edo alizozibuni kati ya 1856 na mwaka wa kifo chake. Sambamba na kazi hizo alibuni picha nyingi za maua na ndege, utanzu unaoitwa *kachō-ga*. Nyingi kati ya hizo zimechapwa kwenye karatasi ndefu nyembamba, kama ilivyo picha inayojadiliwa hapa, yenye urefu wa takriban sentimita 38 na upana wa sentimita 17. Umbo hilo limekopwa kutoka kwenye *tanzaku*, ukanda wa karatasi ambao Wajapani huuandikia mashairi. Hivyo, kabla mstari wowote haujachorwa, karatasi yenyewe imekwisha kumwambia mtazamaji kwamba anachokitazama ni jirani wa shairi.

Ni kosa kumwita Hiroshige mtengenezaji wa picha hii peke yake. Chapa ya ubao ya enzi ya Edo ilikuwa kazi ya watu wanne: mchapishaji aliyegharimia na kuuza, mchoraji aliyebuni, mchongaji aliyechonga mbao, na mpiga chapa aliyepaka rangi na kuzihamishia kwenye karatasi. Mchongaji alitumia mbao za mcheri, ambazo ni ngumu na zina nyuzi laini. Kazi yake ilikuwa ya kuondoa: alichimba kila kisichotakiwa na kuuacha mstari umesimama. Ubao wa kwanza ulibeba mistari ya umbo, na kila rangi ilihitaji uso wake wa ubao. Alama mbili zilizochongwa ukingoni mwa kila ubao zilimwezesha mpiga chapa kuiweka karatasi mahali palepale kila mara, ili rangi isiuvuke mstari. Karatasi, iliyotengenezwa kwa nyuzi za gome la mti wa jamii ya mforosadi, ilitiwa unyevu kwanza, ikalazwa kifudifudi juu ya ubao, kisha ikasuguliwa mgongoni kwa kifaa cha mkononi kilichofunikwa kwa ganda la mwanzi. Hapakuwa na mashine ya kugandamiza.

Mbinu moja inahitaji kutajwa kwa jina kwa sababu hoja ya makala inaitegemea. *Bokashi* ni ufifishaji wa rangi. Mpiga chapa hulowesha sehemu ya ubao au hupangusa rangi kwa kitambaa kabla ya kuilaza karatasi, na matokeo yake ni rangi inayoanza ikiwa nzito na kuishia ikiwa hafifu pasipo mpaka wowote unaoonekana. Makala haya yanapendekeza neno *mfifio* kwa maana hiyo. Mfifio hauchongwi. Ubao ni uleule kwa kila nakala, ila mkono wa mpiga chapa hubadilika, na ndiyo maana nakala mbili za picha moja zinaweza kutofautiana katika uzito wa maji yake. Kuhusu rangi yenyewe, muongo wa 1830 ulikuwa wakati ambapo buluu iliyobuniwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18 ilienea katika karakana za Japani na kuchukua sehemu kubwa ya kazi iliyofanywa awali na nili na rangi za maua zilizopauka upesi. Ni buluu iliyokubali kufifishwa kwa ngazi nyingi. Ikumbukwe pia kwamba rangi zote hizi zilichanganywa kwa maji. Maji ya pichani, kwa maana isiyo ya kitamathali, yametengenezwa kwa maji.

Katika picha hii bata ni dume, na kichwa chake cha kijani ndicho doa la rangi linalolivuta jicho kwanza. Yuko sehemu ya chini ya ukanda. Matete yanainama juu yake kwa uzito wa theluji, na theluji hiyo haikupakwa rangi nyeupe, bali ni karatasi tupu iliyoachwa bila wino. Sehemu ya juu ina mistari ya shairi na sahihi ya mchoraji.

3. Yupo, yuko, yumo

Sarufi za Kiswahili, tangu ile ya Ashton iliyochapishwa mwaka 1944, zimeeleza ngeli za mahali kwa utofautisho wa sehemu tatu: pa- kwa mahali mahususi panapoweza kuonyeshwa kwa kidole, ku- kwa mahali pa jumla au pasipo mpaka bayana, na mu- kwa undani. Nomino *maji* ikiongezwa -ni hutoa *majini*, neno ambalo peke yake halijaamua lolote. Uamuzi huja na upatanisho: bata yupo majini, bata yuko majini, bata yumo majini. Sentensi hizi tatu zote ni sahihi, na zote zinaweza kusemwa na mtu aliye mbele ya picha ileile. Swali la kihakiki ni picha inaikubali ipi, na kwa sababu gani.

Tuanze na *yupo*. Pa- inadai nukta. Inadai kwamba msemaji anaweza kusema ‘pale’ na msikilizaji akapaona. Katika picha hii nukta hiyo ipo: ni mahali mwili wa ndege unapokutana na maji. Mkutano huo umetengenezwa kwa mistari, yaani ni kazi ya ubao wa kwanza na ya mchongaji aliyeuacha mstari umesimama. Mstari wa ubao hauna mashaka. Una upande huu na upande ule. Kwa kadiri mtazamaji anavyoufuata mstari, ndege yupo: amewekwa, amefungwa mahali, anahesabika. Anayemtazama kwa jicho la mtaalamu wa ndege, akitaka kujua aina yake na jinsia yake, humtazama akiwa *yupo*.

Lakini jicho likiachia mstari na kuifuata rangi, hali hubadilika. Buluu haina ukingo. Inaanza nzito na kupotea polepole hadi karatasi inapobaki karatasi, na hakuna mahali ambapo mtazamaji anaweza kuweka kidole na kusema kwamba maji yameishia hapa. Hapa *yupo* inashindwa, kwa kuwa hakuna ‘pale’ pa kuonyesha. Inayofaa ni *yuko*. Ku- haiulizi mpaka. Inataja tu kwamba upande huo, katika eneo hilo lisilopimwa, kuna kiumbe. Mfifio, kwa hiyo, ni ku- iliyofanywa kwa kitambaa chenye unyevu. Yule aliyesimama ukingoni mwa bwawa wakati wa alasiri ya baridi, asiweze kutenganisha maji na ukungu, humwona bata akiwa *yuko*.

Ya tatu, *yumo*, inahitaji tahadhari zaidi. Samaki yumo majini. Hilo halina ubishi. Bata akisemwa kwamba yumo majini, sentensi humvuta chini kidogo, kuelekea kwa samaki. Msomaji humwona ndege ambaye maji yamemmeza zaidi ya inavyostahili, jambo ambalo picha hailiungi mkono, kwa kuwa mchoraji amempa bata mgongo wote na kifua kinachoonekana vizuri. Hivyo *yumo majini* ni usomaji unaoweza kukataliwa, na ni muhimu kwamba unaweza kukataliwa. Uchambuzi unaokubali kila kitu hauchambui chochote.

Hata hivyo mu- haiondoki pichani. Inahamia mahali pengine. Bata yumo mateteni. Matete yameinama juu yake, theluji imeyageuza kuwa paa, na ukanda mwembamba wa karatasi unambana kutoka pande mbili. Undani wa picha hii uko angani, katika nafasi iliyofungwa na mimea na theluji. Hapa ndipo karatasi tupu inapofanya kazi yake kubwa. Theluji ni pale wino ulipokosekana, na kukosekana huko ndiko kulikojenga makazi. Ndege huyu amehifadhiwa na kitu ambacho hakikuchapwa.

Kwa hiyo mfumo wa sehemu tatu unalingana na ngazi tatu za utengenezaji: mstari uliochongwa (pa-), rangi iliyofifishwa (ku-), na nafasi iliyoachwa tupu ndani ya umbo la karatasi (mu-). Ulinganifu huu haukupangwa na yeyote. Thamani yake ni kwamba unaweka wazi jambo ambalo maelezo ya ‘ndege juu ya maji’ yanalificha: utulivu wa picha hii ni makubaliano magumu kati ya namna tatu za kuwa mahali. Ndege amefungwa na mstari, ameachiliwa na rangi, amefunikwa na theluji. Mtazamaji anayehisi kwamba bata huyo ametulia na wakati huohuo hajatulia hajikanganyi. Ameihisi pa- na ku- kwa pamoja.

4. Uso wa maji: shairi ndani ya picha

Shairi lililo juu ya picha ni haiku, na linataja mambo matatu: mlio wa bata, upepo, na uso wa maji unaokunjamana. Halitaji matete wala theluji. Picha, kwa upande wake, ina matete na theluji lakini haiwezi kuwa na sauti, wala haina namna ya kuuonyesha upepo isipokuwa kupitia kitu unachokigusa. Ni kosa basi kusema kwamba shairi linaieleza picha au kwamba picha inalipamba shairi. Kila kimoja kimebeba kile ambacho mwenzake hana, na vinakutana katika mambo mawili tu: bata na maji. Katika mapokeo ya haiku bata mwitu ni neno la majira ya baridi. Kwa msomaji wa Kijapani baridi imekwisha kutajwa mara neno hilo linapotamkwa. Theluji ya pichani basi haiongezi majira mapya, bali inayafanya yaonekane.

Kwa msomaji wa Kiswahili, mambo mawili katika shairi hilo yanavutia kiisimu. La kwanza ni umbo. Haiku huhesabiwa kwa vipande 5, 7 na 5, na kipande kinachohesabiwa hakilingani kila mara na silabi kama inavyoeleweka katika lugha nyingi za Ulaya, kwa sababu sauti /n/ inayofunga silabi huhesabiwa peke yake. Mshairi wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu kulielewa hilo. Katika hesabu ya mizani, *mtu* ina mizani mbili, kwa kuwa /m/ hiyo husimama yenyewe. Sikio lililolelewa na tarbia na utenzi limezoea kuipa nazali haki yake. Mapokeo haya mawili hayana nasaba moja, lakini yanahesabu kwa namna inayokaribiana, na ukaribu huo ungeweza kuwasaidia wafasiri wa haiku kwa Kiswahili kuliko kupitia tafsiri za lugha ambazo vina na mkazo ndivyo nguzo za ushairi wake.

La pili ni neno lenyewe *uso*. Neno la Kijapani lililotumika kwa uso wa maji linabeba pia maana ya uso wa mtu, na kitenzi kinachoambatana nalo kinahusiana na mikunjo ya ngozi. Kiswahili kina hali hiyohiyo bila kulazimishwa: uso wa maji ni uso, na uso hukunjwa. Tafsiri ya Kiswahili inaweza hivyo kuibakiza tamathali ikiwa hai pale ambapo lugha yenye neno moja kwa sura na neno jingine kwa tabaka la juu ingelazimika kuchagua. Hili linaturudisha kwenye picha. Ikiwa maji yana uso, basi mtazamaji anaangalia nyuso mbili, wa ndege na wa maji, na uso unaoonyesha hisia ni ule wa pili. Bata hana mkunjo wowote. Maji ndiyo yaliyokunja uso kwa baridi.

Kuandika maneno kwenye uso wa kitu kilichochapwa si jambo geni kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, na watumiaji wake wanajua kwamba jina la kanga si lazima lieleze mchoro wa mji. Mchoro unaweza kuwa wa korosho na jina likawa fumbo kuhusu jirani. Uhusiano wa Japani na vazi hilo, tena, si wa kubuni: katika karne ya 20 viwanda vya Japani vilichapa kanga kwa ajili ya soko la Afrika Mashariki. Haidaiwi hapa kwamba kanga inatokana na chapa ya ubao ya Edo. Kinachodaiwa ni kwamba msomaji aliyezoea kuisoma kanga ana ujuzi unaohitajika mbele ya picha ya Hiroshige: hatayatarajia maneno yawe kivuli cha mchoro, na atajua kwamba maana inakaa katika nafasi iliyo kati ya viwili hivyo.

5. Majina mawili yanayotatiza: *ukiyo* na *ni*

Chapa za ubao za enzi ya Edo huitwa *ukiyo-e*. Tafsiri iliyozoeleka ni ‘picha za ulimwengu unaoelea’. Tafsiri hiyo imekuja kwa njia ya lugha za Ulaya, na kwa Kiswahili inatoa taswira ya dunia iliyo kama chombo baharini. Historia ya neno inaonyesha kitu kingine. Katika matumizi ya zamani, yaliyoathiriwa na dini ya Buddha, *ukiyo* ilikuwa dunia ya huzuni, isiyodumu. Baadaye, katika maisha ya mijini ya Edo, sauti ileile iliandikwa kwa alama yenye maana ya kuelea, na neno likahamia kwenye starehe, mitindo na michezo ya kuigiza: ikiwa dunia haidumu, basi ifurahiwe.

Kiswahili kina usemi uliokomaa kwa nusu ya kwanza ya historia hiyo: dunia mapito. Lakini usemi huo ni wa mawaidha. Husemwa msibani, au kwa kijana aliyelewa mali. Anayezitafsiri chapa hizi kama ‘picha za dunia mapito’ ataipata huzuni ya kale na kuipoteza furaha ya Edo. Anayeshika ‘ulimwengu unaoelea’ ataupoteza uzito na kubaki na neno la ajabu. Pamoja na hayo, kitenzi *elea* kina hoja moja ya kukitetea: kina maana mbili. Chombo huelea majini, na jambo humwelea mtu, yaani humbainikia. Katika picha ya bata maana zote mbili zinafanya kazi: kiumbe anayeelea ndiye anayetuelea. Makala haya hayapendekezi kwamba suala la istilahi lihukumiwe kwa mchezo huo wa maneno, ila kwamba mfasiri aache kulidhani kuwa limekwisha kuamuliwa.

Jina la picha lina mtego wa aina nyingine. Katika *ashi ni kamo*, maana yake ‘matete’ + *ni* + ‘bata mwitu’, kipashio cha kati ni kihusishi cha mahali kinachomweka ndege penye mmea. Majina ya picha za maua na ndege hujengwa hivyo mara kwa mara. Msomaji wa Kiswahili ataona papo hapo kwamba lugha yake pia ina -ni ya mahali, inayofuata nomino ya mmea vilevile: mateteni. Kufanana huku ni kwa bahati tu. Kiswahili ni lugha ya Kibantu, Kijapani hakina nasaba nacho, na silabi fupi kama hiyo hujirudia katika lugha nyingi duniani. Onyo hilo ni la lazima, kwa sababu isimu-linganishi imeumizwa mara nyingi na watu waliopenda kufanana kuliko ushahidi.

Lakini bahati ikishakubaliwa kuwa bahati, mfasiri anaruhusiwa kuitumia. Tafsiri ‘Bata Mwitu na Matete Yenye Theluji’ hufanya vitu viwili viwe sawa, vimeunganishwa na *na*, kana kwamba ni bidhaa mbili katika orodha. Tafsiri ‘Bata Mwitu Mateteni, Wakati wa Theluji’ inarudisha uhusiano wa mahali, na inamlazimisha msomaji kuuliza swali ambalo sehemu ya tatu ya makala haya imelijibu: mateteni yupo, yuko au yumo? Tafsiri ya pili ndiyo bora. Ubora wake haukutokana na kufanana kwa sauti, bali na ukweli kwamba imehifadhi kazi ya kisarufi iliyofanywa na kipashio cha asili.

6. Mapingamizi

Yapo mapingamizi matatu yanayostahili kujibiwa. La kwanza ni kwamba Hiroshige hakujua Kiswahili, na kwa hiyo kuisoma picha yake kwa pa-, ku- na mu- ni kumpachika mawazo yasiyo yake. Jibu ni kwamba makala hayajadai lolote kuhusu mawazo ya Hiroshige. Yamedai kwamba mhakiki huandika kwa lugha fulani, na kwamba lugha humlazimisha kusema mambo fulani. Jakobson alikwisha kuonyesha, katika makala yake ya mwaka 1959 kuhusu tafsiri, kwamba lugha hutofautiana hasa katika yale ambayo haziwezi kuacha kuyasema, si katika yale zinazoweza kuyasema. Kiswahili kinamtaka msemaji achague kiambishi cha mahali. Anayechagua bila kufikiri amechagua vilevile.

Pingamizi la pili ni la kiisimujamii. Katika mazungumzo ya wasemaji wengi wa leo, *yuko* imepanuka na kuchukua sehemu ya kazi ya *yupo* na *yumo*, hivyo utofautisho uliojengewa hoja hii unaweza kuonekana kuwa wa vitabuni. Ukweli huo unakubalika, na una uzito. Lakini kupanuka kwa kiambishi kimoja hakujafuta vingine. Msemaji anayesema *yuko* kwa kila kitu bado hushtuka akisikia kwamba samaki yupo chunguni badala ya yumo. Aidha, uhakiki ni mtindo rasmi wa lugha, na moja ya kazi za mtindo rasmi ni kuzihifadhi tofauti ambazo mazungumzo ya haraka hayana muda nazo.

La tatu ndilo zito zaidi: kwamba uchambuzi huu ni mepesi kugeuzwa kuwa majivuno, madai kwamba Kiswahili kinaona kile ambacho lugha nyingine hazikioni. Dai hilo halimo hapa na halipaswi kuingizwa. Mtazamaji asiyejua neno moja la Kiswahili anaweza kuuona mfifio wa maji na ukali wa mstari kwa uwazi uleule. Macho hayana ngeli. Kinachobadilika ni maelezo. Usomaji wa kisarufi hupimwa kwa picha, na picha ikiukataa, kama ilivyoukataa usomaji wa *yumo majini*, ni usomaji unaopaswa kuondolewa. Bila kipimo hicho, sarufi hugeuka kuwa ramli.

7. Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba picha ya bata mwitu ya Hiroshige imejengwa kwa mvutano kati ya mstari unaoweka mpaka, rangi inayoufuta, na nafasi tupu inayofunika, na kwamba viambishi vya mahali vya Kiswahili vinampa mhakiki njia fupi na sahihi ya kuutaja mvutano huo. Yameonyesha pia kwamba shairi la pichani linaifikishia picha sauti na upepo badala ya kuirudia, na kwamba tafsiri za majina, hata yale yaliyozoeleka, bado zinahitaji kupimwa upya.

Zipo athari za kiutendaji. Wanaofundisha uhakiki wa sanaa ya kuonwa kwa Kiswahili wangeweza kuanza na zoezi dogo kabla ya istilahi: mwanafunzi aeleze kila kilichomo pichani kiko wapi, na atetee kila kiambishi alichokitumia. Zoezi hilo halihitaji maktaba kubwa. Linahitaji picha moja na subira. Kwa upande wa utafiti, mfumo huu unapaswa kujaribiwa kwa picha zinazoupinga, hasa zile zisizo na maji wala ukungu, ambamo ku- huenda isipate pa kushika. Ikibainika kwamba huko hausaidii, hilo nalo litakuwa limetufundisha kitu kuhusu mipaka yake. Kwa sasa inatosha kusema kwamba ndege huyu mmoja wa majira ya baridi, aliyechapwa kwa mkono kwenye ukanda mwembamba wa karatasi, hawezi kuelezwa vyema kwa kirai kilichompeleka angani. Arudishwe majini, na anayemrudisha aseme kama yupo au yuko.